Mtoto wa Kuze

Ashley Nanjala alivua viatu mlangoni mwa ofisi ya vitambulisho, akaingia kwa soksi kwenye sakafu ya saruji. Watu wa foleni wakaangua kicheko.

"Dada, hapa si nyumbani kwa mtu," alisema Masha, kijana wa Majengo aliyekuwa nyuma yake. "Vitaibiwa hivyo!"

"Mwache," alisema Bi Mwanarusi. "Ndivyo nilivyomlea."

Ni kweli, alimlea. Mamake Ashley alitoka Bungoma akiwa na mimba, akapanga chumba cha juu katika nyumba ya Bi Mwanarusi kule mtaa wa Kuze. Mama alipokwenda kufagia ofisi za bandarini, mtoto alishinda chini akijifunza kukuna nazi, kupiga hodi mara tatu, na kutotaja haja yake kabla ya kumjulia mtu hali. Jumapili alikwenda kanisani na mama. Ramadhani alizungusha sahani za futari mtaa mzima. Mama sasa ni marehemu, mwaka wa pili huu.

Walikuwa hapo tangu saa kumi na mbili, na sasa ilikuwa saa tano. Kesho ndiyo siku ya mwisho ya kujiandikisha chuoni, na chuo hakimpokei asiye na hata ile karatasi ya kungojea kitambulisho.

"Sabalkheri, kaka," Ashley alimwambia karani. "Umeamkaje? Nyumbani hawajambo? Watoto je?"

Karani alikuwa ameshainua kalamu. Akaishusha. "Hawajambo. Mdogo ana mafua."

"Mpe tangawizi na asali," alisema Bi Mwanarusi.

"Bibi, tafadhali." Akaisoma fomu. "Nanjala. Jina la Bungoma hilo. Hebu sema Kibukusu kidogo."

"Mulembe," alisalimu Ashley.

"Endelea."

"Kimeisha hapo, kaka."

Foleni nzima ilicheka, na karani naye. Kisha akainama. "Sikia. Mimi pia natoka huko. Hapa panapoulizwa kwenu ni wapi, andika kijiji cha babu yako, nigonge muhuri sasa hivi. Kuze si kwenu."

"Sijawahi kufika huko. Hata jina la kijiji silijui."

"Nitakutajia kimoja."

Bi Mwanarusi alimvuta Ashley kando. "Andika, mwanangu. Chuo chafungwa kesho."

"Bibi, si wewe uliyenitia pilipili mdomoni kwa urongo wa kipande cha halua?"

"Ile ilikuwa halua! Hii ni serikali."

Ashley akacheka mpaka akafuta machozi. Halafu akachukua kalamu, akaandika polepole, kwa herufi kubwa: KUZE.

Karani aliitazama fomu, akaitia kwenye rundo lililofungwa kwa uzi. "Hii yenda kwa kamati ya wazee, wathibitishe kama kweli kwenu ni Kuze. Miezi mitatu, minne. Nimetaka kukusaidia, umekataa."

"Ahsante, kaka. Mtoto apoe."

Bi Mwanarusi alitoka akinung'unika kuhusu watoto wakaidi, lakini mkono wa Ashley hakuuachia.

"Anayefuata!"

Masha hakusogea. Alizaliwa Majengo, akakulia Majengo. Ila kwenye fomu yake, kama alivyoelekezwa na wenzake wa foleni asubuhi, alikuwa ameandika kijiji cha babu yake kule Kaloleni. Aliazima kalamu kwa jirani yake, akalikata jina lile kwa mstari mmoja, akaandika Majengo juu yake. Ndipo akaenda mezani.