Shati la Maneno ya Redioni

Mshonaji alikuwa akitunga uzi kwenye sindano ya cherehani pale redio ilipoanza kutoa kitambaa. Kilitoka polepole kwenye spika, chepesi, cha kung'aa, huku mtabiri wa asubuhi akimjibu mama mkwe wa mshonaji, aliyempigia simu, kwamba mwanawe aliyetoweka yu njiani. Mama mkwe alikikunja, akamkabidhi.

"Mshonee mumeo shati. Asifike akakuta hana la kubadili."

Alikipokea kwa vidole viwili. Alikuwa ameomba ruhusa ya kurudi kwao akaanze maisha upya, na kila alipoomba, redio ilitoa kitambaa. Hilo lilimtia shaka kuliko kitambaa chenyewe.

Nguo za unabii alizizoea. Mama mkwe aliposoma manabii wa Biblia kwa sauti, kurasa nazo zilitoa mavazi: mazito, ya kukwaruza, yenye harufu ya moshi, yameshakatwa kwa kipimo cha mfalme mmoja, na asiye huyo hayamwingii. Aliyashuku nayo. Fundi mjanja anaweza kumpima mtu akishafika, kisha akaapa kwamba alishona zamani. Akafumua pindo, akakagua uzi. Ulikuwa mkongwe kweli. Na katika mavazi yote yale, hakuna lililojidai kuwa la mumewe. Kimya hicho ndicho alichokiamini.

Shati la redio alilishona, akapatana na mama mkwe: likimwenea mwanamume mwingine yeyote, yeye ataachiliwa aende. Mama mkwe hakubisha.

Alianza na muuza nyama, ambaye kitambi chake kilimtangulia mlangoni. Likamkaa kama kazaliwa nalo. Akampa mpeleka barua, mwembamba kama ufito, likamkaa. Mama mkwe mwenyewe akalivaa juu ya gauni, vifungo vikafika. Muuza nyama akauliza kama angeweza kushonewa la namna hiyo, maana lake la harusi lilishamkana.

"Umeona, Mama," akasema mshonaji. "Linamwenea kila mtu."

"Nimeona, mkwe wangu." Mama mkwe alilainisha kola, uso umemnawiri kwa furaha. "Basi na mwanangu halitamkataa."

 Mshonaji akauteremsha mkoba wake wa safari msumarini, akautia begani kama walivyopatana, akatundika shati pale pale. Redio ikakohoa kidogo, ikaanza kutoa kitambaa cha suruali.