Ng'ombe wa Biringanya

Alhamisi, baada ya chai, Hisayo aliweka mkoba kwenye kiti cha kushoto, akafunga mkanda, akakanyaga klachi na kuzungusha ufunguo. Gari likasema tik, likanyamaza. Akazungusha tena. Tik. Lilikuwa gari dogo jeupe, la siku nyingi, aliloachiwa na marehemu mumewe, Tatsuzo, na jana yake tu lilikuwa limempeleka dukani na kumrudisha bila hata kukohoa.

Kwa hiyo alikosa tena mazoezi ya kwaya. Ukumbi uko ng'ambo ya mlima, basi la njia ile lilishaondolewa, na mwalimu wa kwaya alikuwa amesema bila kuuma maneno: Hisayo asipofika Jumamosi, wimbo wa kuimba peke yake siku ya sherehe za mavuno anapewa Setsuko. Hisayo alikuwa ameutamani wimbo huo tangu ujana wake. Setsuko naye, tuseme ukweli, anaimba kama mlango uliokosa mafuta.

Ijumaa akaja fundi Onoda. Akapima betri, nzima. Akasugua vichwa vyake, akaigonga stata kwa mpini wa nyundo, akabadilisha fyuzi ambayo haikuwa na kosa lolote. Kila akizungusha ufunguo, gari linawaka.

"Bi Hisayo, mbona gari lenyewe halina neno?"

"Kwa wageni lina adabu sana. Hebu nipishe." Hisayo akaketi, akatangaza, "Naenda kwaya!" Tik. "Haya, naenda dukani." Gari likanguruma.

Onoda akamwambia alizime. Akafungua boneti upya, akainama mpaka chini na kumulika tochi. Tatsuzo alikuwa amejikunja nyuma ya betri, magoti kidevuni, amevaa kanzu nyeupe aliyovishwa siku ya mazishi, na kidole gumba amekichomeka kwenye waya wa stata.

"Na mimi nimeshaanza kuisingizia swichi," Onoda akasema. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Toa tochi, unanimulika machoni."

Hisayo hakushangaa. Aliona aibu, maana alijua kosa ni lake. Kila Agosti wafu huja kukaa kwao siku chache. Wa kuja hutengenezewa farasi wa tango, miguu ya vijiti, ili wafike upesi. Wa kuondoka hutengenezewa ng'ombe wa biringanya, ili waende polepole, hawana haraka. Mwaka huu nyani waliingia shambani wakabakiza biringanya moja. Farasi Hisayo alimtengeneza vizuri. Yule ng'ombe, Hisayo alimtazama, akamtazama, jioni ikaingia, njaa ikauma, akamkata vipande na kumkaanga kwa miso, ule uji mzito wa soya. Alidhani Tatsuzo atapata lifti kwa marehemu wa jirani.

"Nilimla ng'ombe wake," akamwambia fundi.

"Alikuwa mtamu?"

"Acha tu."

Basi akaenda dukani, na gari likaenda vizuri, akanunua biringanya, akalichomeka vijiti na kulisimamisha juu ya betri. Tatsuzo akaligeuzageuza.

"Ng'ombe wa dukani huyu. Halafu anachechemea. Nitangoja wa mwakani."

"Basi toa kidole."

"Kwaya ya nini na umri huo? Si nilishakwambia?"

Alishamwambia kweli, tena mara nyingi. Alipokuwa hai hakuhitaji kujikunja popote. Alitia tu ufunguo mfukoni na kuendelea kusoma gazeti. Hisayo akashikwa na hasira, ile ile ya zamani, akaitambua ilivyo na joto. Akamuuliza fundi kama mzee anaweza kutolewa. Onoda akasema kumtoa ni kushusha injini nzima, na gari la umri ule halistahili gharama hiyo.

Jumamosi Hisayo alivaa blauzi ya kwaya, juu yake koti la kijivu, akaweka kitini ubani na maua ya kaburini.

"Wapi leo?" sauti ikauliza kutoka mbele.

"Kukufagilia kaburi."

Gari likawaka kabla hajamaliza kuzungusha ufunguo. Likapita makaburini bila kupunguza mwendo, likapanda mlima, likateremka upande wa pili. Aliyelala chini ya boneti haoni barabara.

Ukumbini madirisha yalikuwa wazi. Hisayo akavua koti, akaimba. Aliimba kwa miaka yote ile ya ufunguo mfukoni, na alipomaliza, Setsuko mwenyewe ndiye aliyeanza kupiga makofi, ingawa si kwa nguvu.

Alirudi garini mashavu yakimwaka.

"Kina nani wale waliokuwa wanaimba?" Tatsuzo akauliza.

"Marehemu wenzako."

"Kuna mwanamke mmoja pale anajua. Sijapata kusikia sauti kama ile."

Hisayo akafungua mdomo amwambie. Kisha akakumbuka kuwa sherehe ni kesho, na kesho pia kuna mlima wa kuvuka. Akafunga mkanda.

"Basi, twende wapi?" sauti ikauliza.

"Nyumbani."

Likawaka mara moja. Safari ya kumrudisha nyumbani gari lile halikuwahi kuigomea hata siku moja.