Saini ya Kijito

Jumanne saa tatu asubuhi Koplo Pudensiana alikuwa kaunta ya kituo cha polisi, akipangusa makombo ya andazi kwenye daftari, kijito kilipoingia. Kilipita mlangoni kama watu wengine, kikakaa kwenye foleni nyuma ya mama aliyeibiwa mbuzi. Kilikuwa kimekonda.

"Shikamoo, bibi," alisema Pudensiana zamu ya kijito ilipofika, maana kilikizidi umri hata kituo chenyewe.

"Marahaba, mwanangu. Nimeibiwa maji."

Kikaeleza. Huko juu, upande wa Mlima Meru, mwenye shamba la maua alikuwa amejenga ukuta na kuyageuzia maji kwenye bwawa lake. Huku chini, kijijini Kikwe, yalikuwa yakifika matone tu. Pudensiana aliandika yote, akakisomea, kikakubali kuwa ndivyo. Kisha akakisogezea karatasi kiweke dole gumba. Kijito kilipoigusa, wino wote ukayeyuka.

Aliandika upya mara nne. Mara ya nne Afande Melkizedeki, mkuu wa kituo, alitoka ofisini akiwa amekunja suruali.

"Koplo, maelezo bila saini siyapokei. Na hiyo sakafu uipige deki."

"Sawa, afande."

Pudensiana hakuwa mtu wa kubishana. Alipiga deki polepole, asikiumize, na mwaka uliofuata akaacha kazi akasomee sayansi ya mazingira. Huko chuoni aliambiwa kila kijito kina chumvi zake na floraidi yake, havifanani. Akafurahi: hiyo ndiyo saini. Miaka sita akiwa maabara mjini alikipima kila mwezi, akatia vipimo kwenye bahasha na kuvipeleka ofisi inayohusika. Jibu likaja kwamba mlalamikaji afike mwenyewe.

Kijito kikaenda. Kilikaa kwenye benchi mpaka ofisi ikafungwa, bila kuitwa.

"Nimekauka kidogo pale," kilimwambia baadaye.

"Pole, bibi."

Pudensiana akaomba kazi ya ualimu, shule ya msingi huko Kikwe. Mama yake, aliyekuwa akiishi Moshono, aliposikia aliweka kikombe chini.

"Polisi, maabara, sasa chaki. Hivi wewe mtoto unatafuta nini?"

"Saini, mama."

Siku ya kwanza, alipokuwa akiita majina Darasa la Tano, kijito kilikuwa kimeshakaa dawati la nyuma, karibu na msichana mmoja aitwaye Brightness. Pudensiana alikiongeza kwenye rejesta. Kikaitika "nipo" kwa sauti ndogo, na wenzake wakanyanyua mabegi yasilowe.

Wiki hiyo alifundisha jinsi ya kuandika maelezo. Kijito kilisimama mbele kikaeleza habari ya ukuta, watoto wakaandika. Walipofika mwisho, Pudensiana akawaambia ukweli, kwamba kazi ilikuwa ikikwamia hapo, kwenye saini, miaka yote.

Brightness akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwani sisi hatujakisikia?"

"Mmekisikia."

"Si tusaini sisi, kama mashahidi?"

Pudensiana akampelekea Brightness kalamu. Miaka yote hiyo alikuwa amekishughulikia peke yake.

Watoto arobaini na watatu wakasaini, na Mwalimu Pudensiana akasaini chini yao. Wino ulitulia. Wakaenda na kijito mpaka kituoni, na Afande Melkizedeki, aliyebakiza miezi miwili kustaafu, akahesabu majina yote kwa kidole, akagonga muhuri, akaandika namba ya kesi kwenye kikaratasi.

"RB yenu hii hapa. Sasa ni kesi," alisema, kisha akakigeukia kijito. "Shikamoo."

"Marahaba."

Ukuta bado upo, na maua bado yanapelekwa uwanja wa ndege kila jioni. Kijito kiliomba kitunze RB chenyewe. Kiliiweka chini ya jiwe, katikati ya njia yake, mahali pakavu; pakavu palikuwa pengi. Kesho yake kilifika shule kabla ya kengele, na Brightness akasogea kukipisha.