Jengo Lililonyamaza

Tangu kazi iwalete nchi ile, fundi wa lifti na familia yake walikuwa wakipumzika sikukuu za dini ambazo hata hawakujua zinasaliwaje. Leo za hawa, mwezi ujao za wale. Watoto hawakuuliza, likizo ni likizo. Bibi yao, mama mzazi wa fundi, ndiye aliyekuwa na neno: "Mwanangu, hawa watu kazi wanafanya lini?"

Bibi huyo akakata roho asubuhi ya sikukuu kubwa kuliko zote za majirani, chai yake ikiwa nusu kikombe.

Mke wa fundi alipofungua kinywa kulia, mumewe akamziba kwa kiganja.

"Polepole, mama watoto. Leo siku yao. Sisi wageni tutawaharibiaje watu furaha?"

Akafunga madirisha yote, mtu mzima na akili zake. Nje, jengo zima lilikuwa likitikisika kwa ngoma, na watoto wenye nguo mpya wakikimbizana ngazini. Ndani, mke alilia ndani ya mto. Fundi hakulia. Alipiga simu kwa wachimba kaburi, akapiga kwa wenye magari, simu zikaita mpaka zikakata. Dini yao ilitaka maiti azikwe siku hiyohiyo, na yeye hakuwa na mtu. Aliogopa, tena aliogopa sana, kwamba mama yake angelala bila kuzikwa, ugenini.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Pacha, jirani wa mlango unaotazamana na wao, na sinia la chakula.

"Sikukuu njema! Mbona mmejifungia hivi? Dada, macho yamekuwaje?"

"Mafua tu," fundi akadakia.

Mkewe uvumilivu ukamwishia. "Mafua gani! Mama mkwe amefariki, na huyu ananikataza kulia eti tutawaharibia sherehe!"

Mama Pacha aliweka sinia sakafuni, akatoka mbio akimwita mumewe.

Kwanza ilizimwa redio ya kwao. Kisha ngoma ya ghorofa ya juu ikakatika. Kisha ya juu zaidi, kisha za chini, moja baada ya nyingine, watoto wakaitwa ndani, mpaka jengo zima likawa kimya na fundi akaisikia saa yake ya ukutani. Alikuwa amefanya kazi kwenye majengo mengi, lakini jambo kama hilo hakuwahi kuliona.

Mama Pacha akarudi, akamtekea mke wa fundi maji ya kumwoshea marehemu. Wanaume wakaja wamekunja mikono ya mashati mapya. Mmoja alikuwa na gari, mwingine shemeji yake alikuwa mchimba kaburi, akaitwa kutoka mezani. Bibi alishushwa kwa ngazi mabegani mwao, maana lifti ilikuwa fupi, asingeenea akiwa amelazwa. Makaburini waliingia shimoni na viatu vyao vya sikukuu. Sala hawakuzijua, walisimama nyuma wameinamisha vichwa mpaka zikaisha.

Waliporudi, fundi alisimama ngazini akaanza kuomba radhi. "Jamani, nisameheni. Tumewavunjia sikukuu."

Mume wa Mama Pacha alijipangusa udongo magotini. "Sikukuu itarudi mwakani. Mama yako je, atarudi?"

Fundi akaketi palepale kwenye ngazi, akalia kwa sauti kubwa. Milango ya ghorofa zote ilikuwa wazi, na hakuna aliyeufunga wake.