Fowadi wa Kila Mahali

Bondeni kwetu Wales, miaka ya baada ya Vita Kuu, watu walisema hakuna nafasi ya mbele ambayo shemeji yangu Idwal Probert hakuiweza. Alianza raga akiwa mtu wa katikati, safu ya kwanza. Baadaye akahamia safu ya pili, kisha ya nyuma kabisa, na kila alikopelekwa aling'ara. Magazeti yakamwita fowadi wa kila mahali. Akavaa jezi nyekundu ya taifa. Mimi nilicheza naye miaka yote hiyo, na sikujua kuwa kuna kitu anakikimbia.

Dada yangu Ceinwen, mkewe, ndiye aliyenifumbua macho.

"Hukumbuki alianza lini kuhamahama?" aliniuliza huku akikata mkate. "Ni baada ya dari ya mgodi kumwangukia. Alibanwa mikono yote miwili, kaka. Mzee Watkin alikuwa kando yake chini ya mawe, wakiongea, mpaka mzee akanyamaza."

Nikaelewa. Kwenye skramu, wanane wetu huinama na kukabana mabega na wanane wa timu pinzani, wakisukumana. Yule wa katikati mbele mikono yake iko mabegani mwa wenzake. Hana hata mkono mmoja wa kujikinga, na juu yake ni giza la miili.

Jumamosi moja ya mvua tulicheza na Pontylan, wachimba makaa wa bonde la pili. Mtu wetu wa katikati akavunjika mtulinga, akatolewa. Siku zile hapakuwa na mchezaji wa akiba. Nahodha wetu, Rosser, akamgeukia Idwal.

"Ingia katikati."

"Mpeleke mwingine."

"Mwingine yupi? Si wewe ndiye wa kila mahali, au magazeti yanatudanganya?"

Wenzetu wakacheka. Idwal alikuwa amepauka midomo.

Akaingia. Mimi nilikuwa upande wake wa kulia, nimemkumbatia, na moyo wake nilikuwa nausikia mbavuni mwangu. Tukasukumana. Tope likateleza, skramu nzima ikaporomoka, uso wake ukazama chini na watu wakamlalia.

Hakupiga kelele. Aliita kwa sauti ndogo, "Watkin? Watkin, sema kitu."

Nikajua akili yake imerudi mgodini. Angekurupuka na kuinua kichwa kwa nguvu chini ya uzito ule, shingo ingevunjika.

"Ni mimi, Gethin," nikamwambia sikioni. "Tulia. Kichwa usikiinue."

"Sema, usinyamaze."

Nikasema lililonijia: njiwa wangu, kabeji za mama, mbwa wa kasisi. Nikabwabwaja hivyo mpaka filimbi ikalia na uzito ukaondoka.

Refa akaamuru turudie. Idwal alisimama akihema, tope likimchuruzika. "Naogopa," alisema. "Siwezi kurudi mle."

Wote tulisikia. Hapo hofu ikanishika mimi. Kwetu, neno kama hilo lilimfuata mwanamume kilabuni, kanisani, hadi kaburini. Mtu mmoja kwenye watazamaji akasema, "Mwiteni mama yake basi." Rosser akatazama chini.

Jitu moja la Pontylan, lenye makovu ya buluu ya makaa kwenye paji la uso, likanisogelea. "Alifukiwa?"

"Ndiyo."

"Na mimi." Akawageukia wenzake. "Skramu hii hatuiangushi. Mmenisikia?" Kisha akamwambia Idwal, "Njoo, ndugu. Tutakusukuma mpaka ujute kuzaliwa, lakini chini huendi."

Idwal alinitazama. Nilidhani ataondoka uwanjani, na nisingemlaumu. Akasogea taratibu, akaweka mikono mabegani mwetu.

Alitetemeka mpaka mwisho wa mchezo. Kila skramu nilifumba macho nikingoja tope liteleze. Halikuteleza, wale watu walituzuia kama magogo ya kushikilia dari ya mgodi. Walitushinda vilevile, na walistahili.

Timu ya taifa haikumwita tena. Jumatatu iliyofuata aliomba kazi ya juu ya ardhi, kuchambua makaa penye mwanga, kazi ya wazee na majeruhi. Waliomcheka hawakukosekana. Lakini raga hakuiacha. Alicheza safu ya nyuma misimu mingi, na kabla ya kila mechi alimwambia nahodha mbele ya watu, bila kuinamisha uso, "Nipange utakapo, ila katikati nitakufa kwa hofu."

"Sawa, Idwal," Rosser alimjibu, akaenda kufunga viatu vyake.