Kivuko cha Bibi Bradford

Bibi Emiliana Bradford alikuwa akipepeta uwele uani kwake, kijijini Zuzu, wapimaji wa viwanja walipopiga hodi. Kiongozi wao, kijana aitwaye Respicius, alimwamkia shikamoo, kisha akauliza jina la mwenye eneo.

"Bradford? Bibi, hilo si jina la Kigogo."

"Si la Kigogo, baba. Babu yake marehemu mume wangu alikuwa mpishi wa mmisionari Mwingereza. Siku ya ubatizo mmisionari akaona jina lake la Matonya halitafika mbinguni, akampa la kwake. Alisema huko kwao maana yake ni kivuko kipana."

"Kivuko, hapa Zuzu? Maji yenyewe yako wapi? Bila uthibitisho wa jina, eneo litaandikwa halina mwenyewe."

Wakati wa kutoka Respicius alirudishia lango ili mbuzi wasitoroke. Bibi aliona, akamwombea heri.

Asubuhi kivuko kilikuwa kimefika. Mto mpana, maji ya magotini, uliingilia kwenye ua wa minyaa, ukapita mbele ya mlango wa Bibi na kuishia zizini. Ulikuja na ukungu wake na bata wawili weupe. Mbuzi waliyanusa maji, wakanywa. Jirani yake Swaumu, Mrangi wa Kondoa, alileta nguo za kufua.

"Maji ya kwenu baridi, Mwingereza wee! Vidole vimekufa ganzi."

"Yavumilie, mwanangu. Yametoka mbali."

Respicius aliporudi alivua viatu, akavuka, akakiri kwamba jina limethibitika. Bibi alimkaribisha ugali na mlenda. Alipokwisha kunawa, Respicius alipima kutoka ukingo wa mto hadi ukuta wa nyumba.

"Sasa wewe ni wa hapa, bibi, hilo halina ubishi. Ila sheria hairuhusu nyumba ndani ya mita sitini kutoka mtoni."

"Nyumba imeutangulia mto, baba."

"Sheria haiulizi nani katangulia."

Akachora ukutani X nyekundu ya kubomolewa, taratibu, rangi isichuruzikie dirishani. Bibi akamshukuru kwa uangalifu huo.

Juma lililofuata tingatinga lilisimama ng'ambo ya mto. Dereva aliogopa kuzama. Bibi alikuwa ameshamaliza kutoa vyombo, Swaumu akimsaidia kubeba kitanda. Alikunja khanga yake, akaingia majini, akatafuta kwa nyayo mahali penye mawe magumu.

"Pitia hapa, baba," alimwita. "Pole pole tu, pana nafasi."

Likapita.