Nusu Iliyobaki Baharini

Baba hakutaka jiwe litoke nyumbani.

"Peleka mawe ya mlimani," aliniambia, akiwa amesimama mlangoni na panga la kukatia majani ya ng'ombe. "Machame nzima imejaa mawe, Elinipendo. Kwa nini hilo?"

"Mawe ya mlima yametoka motoni, baba. Huwezi kukuta kisukuku, mnyama aliyegeuka jiwe, ndani yake. Hili limetoka huko huko ninakokwenda."

"Jiwe la nyumba halitembei."

Mama alicheka kutoka jikoni. "Mwache mtoto aende nalo. Wewe ulilileta kwa basi, litakwenda kwa basi, litarudi kwa basi. Au unaogopa bahari italidai?"

Baba alitoka kwenda kukata majani, nami nikafikiri: jamani, mzee huyu na mapenzi yake. Miaka yote hiyo, bado hataki zawadi ya mkewe ivuke kizingiti. Nikalifunga jiwe kwenye sweta langu na kulitia kwenye begi.

Ilikuwa masika. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu, wageni wachache, na sisi waongoza watalii tulikuwa tumekaa Moshi mjini tukibishana mpira. Ndipo Godwin, kijana wa kwetu mwenye kampuni ndogo ya utalii, alipokuja kututafuta. Alikuwa mratibu wa Tamasha la Visukuku, kwenye ufuko mmoja kaskazini mwa Tanga. Alitaka watu wanaojua kuongoza kundi bila kulipoteza na kusema mbele za watu bila kutetemeka. Asubuhi, maji yakipwa, matembezi ufukoni. Alasiri, mazungumzo chini ya turubai, kwa yeyote anayetaka kusikiliza.

"Kwa Kiswahili?" nilimuuliza.

"Kwa Kiswahili. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Sasa niliseme lenyewe jiwe. Lilikuwa na ukubwa wa kisahani cha chai, jeusi, limepasuka katikati kama andazi. Upande uliopasuka ulikuwa na shimo lililojizungusha kama pembe ya kondoo dume, mistari yake bado imekaa wazi kabisa. Lilikaa kwenye kabati la sebuleni, chini ya picha ya harusi. Mama alipokwenda kukamua, alivua pete yake na kuilaza ndani ya shimo hilo, na aliporudi aliivaa tena. Asubuhi na jioni, tangu kabla sijazaliwa.

Hadithi yake waliijua wanawake wote wa usharika wetu. Baba alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha katani Tanga, na alirudi Machame kila Krismasi kama Wachaga wote. Krismasi moja, mama akiwa na mimba yangu, baba alimwekea jiwe mapajani. Akamwambia kwamba alilipasua kwa nyundo ufukoni, likatoka nusu mbili: moja ina mnyama mwenyewe aliyegeuka jiwe, nyingine ina alama yake tu. "Hii yenye alama ni yako," alisema. "Ile yenye mnyama nimeirudisha baharini. Kila nikiiona bahari, nitakumbuka kuna nusu inayonisubiri nyumbani."

Mtu anayeweza kusema maneno kama hayo, unamwacha vipi? Mama hakumwacha. Alilea, alilima, aliuza maziwa, akasubiri Krismasi. Baba alipostaafu na kurudi moja kwa moja, walimchagua mzee wa kanisa.

Kule ufukoni nilitaniwa siku ya kwanza tu.

"Dada wa mlimani," mzee mmoja mvuvi wa pweza aliniita, "kwenu kuna bahari, au mnaitazama kwenye kalenda?"

"Kwetu kuna theluji, babu. Ndiyo bahari iliyokataa kushuka."

Walicheka, na tangu hapo wakawa wangu. Niliwaonyesha kwenye miamba alama za kombe na za matumbawe, wakazishika kwa vidole. Niliwaambia kwamba yule mnyama wa pembe ya kondoo anaitwa amonaiti, kwamba aliishi humu kabla ya samaki wengi tunaowajua, kwamba akifa alizama topeni na tope likawa jiwe. Mwishoni nilitoa jiwe la mama na kusimulia habari za baba. Nilijua mahali pa kupunguza sauti na mahali pa kunyamaza. Nilipofika kwenye "ile yenye mnyama nimeirudisha baharini", wanawake waliguna kwa utamu, na mimi nikageuka kidogo kuyatazama maji, kana kwamba nusu ile ingetokea.

Siku moja kabla ya kufunga tamasha, mwanamke mmoja alibaki nyuma watu walipotawanyika. Alikuwa rika langu, labda mdogo kidogo, viatu mkononi, gauni limelowa pindo.

"Baba yako alifanya kazi kiwanda gani?"

Nilimtajia.

"Fundi?"

"Fundi mitambo. Unakijua kiwanda?"

"Nimekulia pale," alisema, akaondoka bila kuaga.

Alasiri ile Godwin alikuwa ametangaza "Leta Jiwe Lako". Watu wa pale walipanga foleni na mawe yao tukawaambia ni nini. Mzee wa pweza alileta donge la saruji na kuapa kwamba ni yai la joka. Nilimwambia joka hilo lilijengea choo. Turubai zima likacheka, na Godwin, aliyekuwa akirekodi kwa simu, akanionyesha kidole gumba.

Kisha akaja yule mwanamke. Alifungua kitenge juu ya meza. Ndani kulikuwa na nusu ya jiwe jeusi, na juu yake mnyama amejikunja, amevimba, mzima.

Sikulishika. Yeye ndiye aliyelichukua jiwe la mama, akaligeuza, akaliweka juu ya lake. Lilikaa. Hapakubaki upenyo wa kupitisha unywele.

Watu walipiga makofi. Wengine walisimama juu ya viti. Mwanamke mmoja alipiga vigelegele kana kwamba tumeoa. Godwin alikuja na kipaza sauti, macho yanang'aa.

"Dada, unaitwa nani? Hebu waambie watu umelitoa wapi."

"Naitwa Hellen," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hili lilikuwa la mama yangu. Alipewa na baba. Baba alituambia nusu ya pili aliizika Uchagani, kwenye kaburi la mke wake wa kwanza."

Makofi yaliongezeka. Walidhani ni sehemu ya hadithi. Niliwasikia wakisema, loo, mapenzi gani haya, na nikatabasamu, kwa sababu kamera ilikuwa inanitazama na uso wangu haukujua kufanya kitu kingine.

Tulikwenda kukaa nyuma ya turubai, yeye na mimi, penye madumu ya maji.

"Pole kwa mama," Hellen alisema.

"Mama yupo. Leo asubuhi amenipigia kuniuliza kama nimekula."

Alinitazama. Masikio yake yalikuwa ya baba, yale yanayosimama mbali na kichwa kama vishikio vya sufuria.

"Na baba?"

"Nilimwacha anakata majani ya ng'ombe."

"Alituaga anakwenda Moshi kutibiwa mgongo," alisema. "Nilikuwa kidato cha pili. Namba yake ikawa haipatikani. Mama alinituma kituo cha basi kila jioni mpaka nikakataa. Mama amefariki mwaka jana." Alikunja kitenge, akakikunjua. "Kwa hiyo yule marehemu wa Uchagani hakufa."

"Baba alisema alikufa na nini?"

"Uzazi. Alisema alikufa kwa uzazi, pamoja na mtoto." Kisha akanigeukia taratibu. "Basi wewe ndiye yule mtoto."

Niliwaza zile siku zote nilizosimama ufukoni nikimsifu baba kwa sauti nzuri, nikiwatoa watu machozi. Uongo wake niliupamba mwenyewe. Na ndani ya uongo huo mimi nilikuwa maiti.

Jioni nilimkuta Godwin anakula wali samaki.

"Ile video ifute."

"Eli, unajua imetazamwa kiasi gani? Watu wa kwetu wanaisambaza kuliko wa huku. Hadi kundi la kwaya ya Machame."

"Ifute, Godwin."

"Nikiifuta kwangu, kwao utaifuta vipi?" Aliniona uso, akaacha kula. "Kwani kuna nini?"

Kwa hiyo naye hakuwa ameelewa. Nilimwachia matembezi ya mwisho ayaongoze mwenyewe.

Hellen hakutaka kunipa jiwe lake, wala sikuliomba. Njia nzima nilikuwa nalo lile lenye shimo mapajani, nikitengeneza uongo wangu. Yule mwanamke ni mgonjwa wa akili. Godwin alimpanga, mambo ya matangazo. Mawe yanafanana, mama, dunia imejaa mawe. Hadi tunafika Same nilikuwa nimechagua ule wa matangazo. Nilikuwa nimeupiga msasa vizuri, ukasimama. Mimi ni mtoto wa baba yangu.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa amekaa kibarazani, ndoo ya kukamulia tupu miguuni pake. Ng'ombe alikuwa analia zizini. Hakuwa na pete.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Safari njema?"

"Njema. Mama, ile video, unajua Godwin na matangazo yake..."

"Huyo binti amefanana naye masikio," mama alisema.

Nikalitua begi chini.

"Aikaeli wa kwaya alinionyesha jana baada ya ibada ya jioni," aliendelea. "Alidhani nitafurahi. Akairudia mara mbili, maskini, ili nisikie vizuri." Aliinua uso. "Huyo binti hakutaja ugonjwa. Baba yako alisema nilikufa na nini?"

"Mama."

"Nimekuuliza. Mtu hana haki ya kujua kilichomuua?"

Nikamwambia. Uzazi. Pamoja na mtoto.

Mpaka hapo alikuwa ametulia. Niliposema "pamoja na mtoto" alinishika kifundo cha mkono, akakibana kwa nguvu kama anatafuta mapigo ya damu. Akakaa hivyo. Kisha akaniachia, akanyoosha mkono kuomba jiwe, nami nikampa.

Baba alitokea juu, njia ya mfereji. Alikuwa amevaa koti la kanisani ingawa haikuwa Jumapili, na mikononi alibeba shina changa la isale, jani lake la juu limefungwa fundo. Kwetu, mtu akikuletea isale amekuja kuomba msamaha, na hulikatai. Watu waliouliana ndugu wamepatana kwa jani hilo. Alinipita bila kunitazama, akasimama mbele ya mama na kulinyoosha kwa mikono miwili.

"Mama Elinipendo," alisema. "Ujana ni ujinga. Niliona haya kusema nina mke, nikaona haya kusema nimemwacha. Nikasema lililo rahisi."

Nilimsubiri aseme na jina langu, hata mara moja, si kama sehemu ya jina la mama. Hakusema.

Mama alisimama, akalipokea isale. Niliona mabega ya baba yakishuka, pumzi ikimtoka. Na mimi, nakiri, nilimchukia mama kwa dakika hiyo.

"Nimelipokea," mama alisema. "Nani atalikataa isale? Mama yangu angeniinukia kaburini." Aliligeuza shina mkononi, akalitazama mzizi. "Lakini lina kazi mbili, mwenyewe unajua. Tunaombea msamaha, na tunapandia makaburi."

"Anaeli," baba alimwita mama kwa jina lake.

"Umenizika, mimi na mtoto wangu. Hakuna mtu wa Machame anayezika watu wake asijue mahali. Baba yako yuko pale, mama yako yuko pale, na masale yao yameota vizuri. Sisi tuko wapi?"

"Anaeli, tafadhali. Mtoto anasikia."

"Mtoto naye ni marehemu, hasikii. Tangulia, unionyeshe."

Baba alinitazama hatimaye. Alikuwa na macho ya mtu anayetafuta wa kumtetea, na mimi ndiye niliyekuwa na maneno nyumba ile, siku zote. Sikumpa hata moja.

Akatangulia. Aliingia kihambani, shamba la nyuma ya nyumba, kwa koti lake jeusi, akapita kati ya migomba na mibuni, mama nyuma yake na isale mkono mmoja, jiwe mkono wa pili. Alisimama kando ya makaburi ya wazazi wake.

"Hapa?" mama aliuliza.

Baba akasogea mbele, penye mgomba ulioanguka kwa mvua, akasimama tena, kichwa chini.

"Hapa?"

Ng'ombe alikuwa bado analia. Nikachukua ndoo, nikaenda zizini, nikachuchumaa na kuanza kukamua. Maziwa yaligonga bati, kisha yakagonga maziwa. Kule migombani nilimsikia mama, sauti yake haina hasira wala haraka, kama mtu anayeuliza mahali pa kutua mzigo.

"Hapa?"